Kabla ya kuotesha mbambakofi, tafuta udongo wa mama yake

Miche yangu ya kwanza ya mbambakofi ilidumaa. Mbegu nilizichagua mwenyewe, nyeusi tii zenye kofia nyekundu, nikazitia kwenye viriba vya udongo wa shamba la mahindi na samadi. Ziliota vizuri. Nilipoihamishia miche kwenye kipande tunachorudishia msitu huku Bagamoyo, ikasimama palepale. Mwaka wa pili, mche mrefu kuliko yote ulinifika gotini.

Nikang'oa mmoja, nikaulinganisha na mche uliojiotea chini ya mbambakofi mkongwe. Ule wa porini ncha za mizizi zilikuwa fupi, nene, kama zimepakwa chokaa, na nyuzi nyembamba zimeshikana na majani yanayooza. Wangu mizizi ilikuwa mitupu.

Ile chokaa na zile nyuzi ni kuvu, yaani fangasi. Ukitaja fangasi, watu hufikiria ugonjwa wa ngozi. Hizi ni kuvu zinazoutafutia mti maji na fosforasi, nao mti unazilipa sukari. Mvule na mpingo hutumia kuvu za aina nyingine, zinazoingia ndani ya mzizi. Bila hadubini huzioni, na hata shambani zimo. Za mbambakofi hutegemea miti ya kuzihifadhi, na shamba lililolimwa miaka mingi limeshazipoteza. Ndiyo maana kipande kilekile kinaweza kuupokea mvule kikamkataa mbambakofi.

Kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye eneo. (Msitu wa Zaraninge umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, huko usiguse kitu.) Chota udongo, huo ndio udongo wa mama, kidogokidogo chini ya mibambakofi mitano au sita mikubwa yenye afya, kwa sababu kila mti una kuvu zake, na msitu unaorudishwa kwa udongo wa mti mmoja unabaki maskini chini kwa chini. Sogeza majani, chukua tabaka la juu pamoja na vijizizi, kisha funika tena. Usiuanike juani. Changanya sehemu moja kwa kumi za udongo wa kitalu, na mbolea ya fosfati punguza sana: mzizi ulioshibishwa haukaribishi mgeni.

Panda ukianzia ukingoni mwa msitu uliobaki, mizizi ya wakubwa iwafikie wadogo. Magogo yaliyoanguka yaache yaoze, yana kuvu zake pia. Na moto, tafadhali, usiwashe kabisa.

Kabla ya kuhamisha miche, chana kiriba kimoja, suuza mzizi kwenye bakuli la maji, utazame ncha. Zikiwa bado tupu, irudishe miche kivulini, uongeze udongo wa mama.