Kabla ya Kuruka, Kagua Ndoano za Springi za Gurudumu la Mkia

Kijana mmoja anayejifunza kurusha Super Cub, ile ndege ndogo yenye gurudumu la tatu mkiani, ameniandikia: "Fundi, hizi springi za gurudumu la mkia zikazwe kiasi gani?" Nimefurahi mno. Wengi huniuliza habari za injini na propela, na mkiani hawafiki kabisa. Najua mnaonisoma hapa mna ndoto moja nami, kuwa na Cub yako mwenyewe na kutua nayo kwenye kiwanja cha nyasi jioni. Basi tuanzie huko nyuma.

Kampuni ya Piper ya Marekani ilianza kuuza Super Cub mwaka 1949, na hapa Kenya ndege hizi zimelinda tembo wa Tsavo kwa miaka mingi. Ukikanyaga pedali, usukani wa mkiani, ule tunaouita ruda, unageuka. Chini ya ruda kuna mikono miwili, na kila mkono umeungwa na gurudumu kwa springi na kipande cha mnyororo. Kinachoshikilia vyote hivyo ni vindoano vya chuma.

Nilipokuwa fundi msaidizi pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, nilipewa Cub moja niisafishe mkiani. Nilipangusa grisi kwa kitambaa nikaona ndoano ya kushoto imelika karibu nusu ya unene wake, pamezama kijishimo kinachong'aa, na mdomo wake umeachama. Vumbi la murram likichanganyika na grisi husaga chuma kama msasa. Nikaandika kwenye karatasi ya kazi: ndoano ibadilishwe. Mkubwa wangu akalikata neno langu kwa kalamu, akanicheka mbele za wenzangu, akasema ndege hii imeruka tangu sijazaliwa.

Haukupita muda, ndege ile ile ilitua kwenye kiwanja cha murram huku upepo ukipiga kutoka ubavuni. Kutua kwenyewe kulikuwa kuzuri. Tatizo lilianza mwendo ulipopungua, kwa sababu hapo ruda haipati tena hewa ya kutosha na gurudumu la mkia ndilo linaloachiwa kazi. Ndoano ya kushoto ilikuwa imekwisha kuchomoka. Rubani akakanyaga pedali ya kushoto, wapi! Ndege ikazunguka kulia, ncha ya bawa la kushoto ikalima ardhi. Rubani alitoka mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini hakuna aliyenijia hata kuniambia pole, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana kila Cub inayopita mikononi mwangu haitoki kabla sijashika ndoano zake kwa vidole. Najivunia hilo, sifichi. Nawe fanya hivyo. Ndoano iliyolika itupwe, usiikunje upya ukajidanganya. Iliyo nzima, ufunge mdomo wake kwa koleo, kisha upitishe waya wa usalama usioshika kutu, ili ndoano isiweze kuchomoka hata ikifunguka. Waya wa inchi 0.032 husokotwa mizunguko 6 hadi 8 kwa kila inchi, na ncha yake hukunjwa ndani isije ikachana mkono wa mtu. Waya uliokwisha kufunguliwa haurudishwi. Ubahili wa waya, jamani, ni ubahili wa roho yako mwenyewe na ya abiria wako.

Waya ufunge mdomo wa ndoano tu. Nimeona watu wamezungushia springi nzima mpaka haiwezi kunyooka, na hapo kila kishindo cha gurudumu kinapanda moja kwa moja hadi kwenye ruda. Ukimaliza, inua mkia uuweke juu ya stendi imara, mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho, kushoto na kulia, nawe uchungulie kama kuna kinachonasa. Zungusha na gurudumu lenyewe. Kisha injinia mwenye leseni akague na kutia saini. Ndugu zangu, msione haya kumwita kwa ajili ya kindoano. Mwiteni.

Sasa swali la kijana wangu. Ndege ikiwa imesimama kwa uzito wake, ruda na gurudumu vikiwa vimenyooka, mnyororo usining'inie na springi isiwe imevutwa kwa nguvu. Ikikazwa mno, mikono ya ruda inachoka na kulika bure. Ikilegea mno, unakanyaga pedali na gurudumu linachelewa kuitika, na mnyororo unaweza kunasa mahali. Na ukikuta springi ya kushoto na ya kulia hazilingani, usikimbilie kununua pacha. Baadhi ya seti hutengenezwa hivyo makusudi, moja ngumu kuliko nyingine, ili gurudumu lisitetemeke. Fungua kwanza kitabu cha vipuri cha ndege yako.