Jibu: Wachambuzi wamegawanyika kuhusu singo yetu (wimbo mmoja uliotolewa peke yake), turekodi upya?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, bendi yenu ya watu watatu, gitaa, besi na dramu, imetoa singo ya roki. Mchambuzi mmoja kasifu mashairi, wawili wanalalamika kwamba sauti ya mwimbaji imezama chini ya vyombo na besi haisikiki. Sasa ndani ya kundi mnabishana mrudi studio au la.

Msirudi kwanza. Ulizeni hao wawili walisikilizia nini. Sisi tuliwahi kusemwa hivyohivyo, tukanuna wiki nzima, kumbe jamaa kasikiliza kwa spika ya simu ndani ya daladala la Mbagala! Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa kama hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde, sauti nzito sana), na spika ya simu haifiki huko. Dawa ni kuitia besi mkwaruzo kidogo (distortion), ili itoe na sauti za juu ambazo simu inazifikia.

Mwimbaji kuzama ni kesi nyingine, na hapo nahisi wana hoja. Gitaa lenye mkwaruzo na sauti ya mtu vinagombania eneo lilelile, hezi 1,000 hadi 4,000 hivi. Msimwongeze sauti mwimbaji. Mwambieni prodyuza apunguze gitaa hapo, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili tatu tu, halafu msikilize ndani ya bajaji inayotembea. Mimi hupimia Barabara ya Morogoro saa ya foleni.

Wimbo wenyewe bado sijausikia, tupia hapa. Na yule mwingine uliyemtaja, aliyeandika kwamba roki si muziki wa Bongo, mwacheni. Huyo hakuchambua wimbo.