Ukitazama filamu ya kulia, weka simu mbali

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuzicheka filamu za kulia. Muziki ukianza kupanda tu, nishajua: hapa kuna mtu anakufa, au barua imechelewa, au mama anamwacha mwanawe. Nilikuwa nabashiri kwa sauti, tena najiona mjanja. Aliyenikomesha ni shangazi yangu. Siku moja alinigeukia, kitambaa kimelowa mkononi, akaniambia: "Unadhani mimi sijui kama atakufa, mwanangu? Ndiyo maana nalia."

Nilinyamaza, na tangu siku hiyo nimezitazama filamu hizi kwa jicho jingine. Wengi huzikimbia kwa sababu eti mwisho unajulikana mapema na muziki umezidi. Muziki ndio asili yake, jamani! Neno lenyewe, melodrama, limebeba ndani yake neno la Kigiriki lenye maana ya wimbo, na michezo ya jukwaani iliyovuma Paris kwenye miaka ya 1800 kwa jina hilo ilikwenda sambamba na muziki. Kumlaumu mwongozaji kwa kuweka vinanda ni kumlaumu samaki kwa kulowa. Na kuhusu mwisho unaojulikana, shangazi alikwishajibu.

Kama unataka kuona jibu lake likifanya kazi, anza na Brief Encounter ya David Lean, ya mwaka 1945. Inaanzia kwenye mgahawa wa stesheni ya treni. Mwanamke na mwanamume wamekaa mezani, wametulia. Anatokea mama mmoja mwenye maneno mengi, anavuta kiti, anaanza kupiga soga. Treni inatangazwa. Yule bwana anaaga kwa adabu, anamwekea mwenzake mkono begani, anaondoka. Basi. Ukiwa umeshika simu wakati huo hutaona chochote.

Kisha filamu inarudi nyuma kutusimulia. Laura na daktari Alec, kila mmoja ana ndoa yake, wamependana kwa wiki chache, wameamua kuachana, na dakika zile za mezani zilikuwa za mwisho maishani mwao. Mwishoni tunarudishwa mgahawani pale pale. Msemaji sana anavuta kiti kile kile. Safari hii unatamani umtoe nje kwa mikono yako mwenyewe, na mkono unapotua begani kwa Laura, kifua kinabana. Hakuna jipya lililotokea. Kilichoongezeka ni kile unachokijua wewe, na ambacho yule mama mwenye soga hakijui.

Ushauri wangu wa pili utaonekana wa ajabu: tafuta filamu ambayo mwigizaji anazuia kilio. Akilia yeye sana, wewe hubakiwi na kazi. Katika Stella Dallas ya 1937, Barbara Stanwyck ni mama wa hali ya chini aliyejifanya hamtaki binti yake, ili binti aende kwa baba akaishi maisha mazuri. Siku ya harusi ya binti huyo, Stella amesimama nje kwenye mvua, nyuma ya uzio, anachungulia dirishani pamoja na wapita njia. Polisi anawaambia watu waondoke. Anaomba abaki kidogo, auone uso wa bibi harusi akibusiwa. Ameng'ata kitambaa chake. Halafu anageuka, anatembea kuja kwetu huku anatabasamu, na hakuna hata mmoja pale barabarani aliyejua kwamba yule ndiye mama wa bibi harusi. Nimeiona mara nne, na kitambaa kile bado sijakizoea.

Sasa la simu. All That Heaven Allows ya Douglas Sirk, ya 1955, niliitazama mara ya kwanza huku napiga pasi. Nikaona rangi nzuri, mjane, mtunza bustani aliyemzidi ujana, watu wanawasema. Nikaizima nikiwa sina hoja nayo. Miezi baadaye niliirudia gizani, nimekaa. Watoto wa mjane wamemlazimisha amwache mpenzi wake, kisha wao wenyewe wanajiandaa kuondoka nyumbani. Zawadi wanayomletea ni televisheni. Muuzaji anaisifia: ukiwasha tu, umepata wenzako. Na kwenye kioo kile ambacho bado hakijawashwa tunaona uso wake mwenyewe, peke yake. Nilikuwa nanyoosha kola ya shati wakati jambo lote la filamu linasemwa bila neno.

Wahakiki wengi wa enzi zile nao waliipita hivyo hivyo, kwa kuona ni sinema za akina mama tu. Aliyeitazama vizuri ni Mjerumani Rainer Werner Fassbinder. Mwaka 1974 alitengeneza ya kwake, Ali: Fear Eats the Soul, mjane mfanya usafi na kijana mhamiaji kutoka Moroko. Mama anapowatangazia watoto wake kwamba ameolewa, mmoja wa wanawe anainuka na kuipiga teke televisheni. Ukizitazama hizi mbili kwa mfuatano, teke hilo utalisikia mguuni.

Si kwamba zote ni nzuri. Zipo zinazomuua mtoto ghafla kwa sababu mwandishi ameishiwa, na machozi yake hukauka kabla taa hazijawashwa. Mimi huuliza: kifo hiki kimetoka wapi? Katika Mother India ya 1957, mama anayeigizwa na Nargis anampiga risasi mwanawe mwenyewe, na kwa karibu saa tatu tumeona kila jambo lililompeleka hapo. Ndiyo maana usiruke mbele, hata pale unapoona inajivuta.

Na ikiisha, usikimbilie swichi, wala usiulize nani kalia.

Majuzi tulirudia ile ya Stella. Polisi alipotokea kwenye mvua, shangazi alinisogezea kitambaa. Nikamwambia bado. "Najua," akasema bila kunitazama. "Shika tu."