Kusoma Ugiriki na Roma ya kale chuo kikuu, mimi nimepita huko

Mkuu umeuliza kama mdogo wako aende akasome hiyo digrii ya ustaarabu wa Wagiriki na Warumi aliyopata nafasi Uingereza au abadili aende biashara, maana mzee anasema ni kuchoma hela. Mimi nimeisoma hukohuko, na jibu langu ni aende, ila kuna vitu avijue mapema.

Watu wanadhani ni kukariri majina ya miungu tu. Hiyo ipo lakini kidogo sana. Kazi yenyewe ni unapewa kipande cha maandishi au picha ya kitu kilichochimbwa, alafu unaulizwa kimeandikwa na nani, kwa faida ya nani, na kinaficha nini. Mimi kilichonikamata ni cha Athens. Wale jamaa walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10 bila kesi, kila raia anakwaruza jina la asiyemtaka kwenye kigae cha chungu, kura zisipofika 6,000 zoezi linakufa. Ukisoma hivyo unasema hii ndo demokrasia. Sasa mwaka 1937 wachimbaji wakakuta kwenye kisima pale ubavuni mwa Acropolis, kile kilima cha mahekalu cha Athens, vigae kama 190, vyote vina jina moja, Themistocles, yuleyule aliyewaongoza kuwapiga Waajemi baharini Salamis mwaka 480 KK, na miandiko ilipochunguzwa ikaonekana ni ya watu 14 tu! Yaani kuna watu walikaa chini wakaandaa kura za kugawa. Tulibishana semina nzima, wengine wanasema ni njama, wengine wanasema hapana, zilikuwa za kuwasaidia wasiojua kuandika, na mwalimu hakutupa jibu, alitaka kila mtu atetee lake kwa ushahidi. Tangu siku hiyo sisomi habari ya uchaguzi wowote bila kuuliza karatasi kaandaa nani.

Lugha sasa. Digrii ya jina hilo mara nyingi hailazimishi Kigiriki wala Kilatini, mnasoma tafsiri. Mwambie achukue Kigiriki cha wanaoanza hata kama ni cha hiari. Herufi ni 24, hizo zinaingia haraka, vitenzi ndo vinatesa na vinataka kila siku sio kusubiri mtihani, lakini bila hiyo lugha ukitaka kuendelea na masters milango mingi inafungwa. Kama kapita seminari na ana Kilatini basi yuko mbele ya wengi.

Na asiende akidhani hayo mambo hayatuhusu. Kuna mfanyabiashara wa Misri, jina lake halijulikani, karne ya 1 BK kaandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za bahari, Periplus, na humo anashuka na pwani yetu mpaka soko la mwisho analoliita Rhapta, anataja mashua za kushonwa, pembe za ndovu, magamba ya kasa, na manahodha Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Mpaka leo mahali penyewe panabishaniwa, wengi wanaelekeza maeneo ya Rufiji. Mimi tasnifu yangu niliandika juu ya hizo kurasa chache na nilijisikia fahari sana, kwasababu niliyasoma mwenyewe kwa Kigiriki, sikusimuliwa.

Kazi: tangazo lenye jina la hiyo digrii hapa Bongo hutaliona. Niliosoma nao wako sheria, uandishi wa habari, makumbusho, ualimu, mimi niko kwenye nyaraka. Ada ya wageni ndo mzigo wa kweli, kama hana ufadhili hapo mzee ana hoja na msikilizeni.

Weka hapa masomo ya mwaka wa kwanza aliyotumiwa na chuo, nikiyaona nitakwambia kama Kigiriki kimo na achague yapi.