Kabla hujazima king'ora, kitaje

Sauti ya kwanza ya tahadhari niliyoifahamu kwenye ndege niliinyonya kwa mdomo. Nilikuwa mwanafunzi Soroti, Uganda, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani (Kiswahili hiki nilikiokota hukohuko, kwa wenzangu wa Mombasa na Moshi). Ukingo wa mbele wa bawa la kushoto la Cessna 172, ndege ndogo tuliyojifunzia, una kitundu. Unakifunika kwa leso safi, unanyonya hewa, na ndani kifilimbi kinalia. Hakina umeme. Mkiwa angani na bawa likakaribia kushindwa kuibeba ndege, hewa yenyewe ndiyo inayonyonya: kifilimbi kinaanza kulalama chini kwa chini, halafu sauti inapanda jinsi hatari inavyosogea. Hakikutishi. Kinakuambia umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa rubani msaidizi kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, tukipeleka watalii wa sokwe kusini-magharibi. Tunashuka kati ya vilima, ukungu mwepesi, kapteni ananiambia jambo. Ghafla hedseti ikanilipukia: sauti ya mwanamke ikitangaza kwamba ardhi iko mbele, kwa ukali ambao niliuhisi hadi kwenye meno. Kidole changu kilifika kwenye kitufe cha kunyamazisha kabla sijaelewa hata neno moja.

Kukawa kimya. Kapteni akaongeza nguvu ya injini, akanyanyua pua ya ndege kidogo, ndipo akanigeukia.

"Kijana, umezima nini?"

"Sijui, Kapteni."

Kilima chenyewe tulikuwa tunakiona wote wawili, upande wa kulia, mbali ya kutosha. Hakuna aliyedhurika. Lakini nilikuwa nimezima kitu nisichokijua, na maneno ya kapteni yalikuwa yamenipita.

Wengi wetu tunadhani king'ora kikali zaidi ndicho salama zaidi. Anayedhani hivyo apite stendi ya teksi Kampala saa kumi na mbili jioni aniambie ni honi ipi iliyomfanya ageuke. Mtafiti Roy Patterson wa Cambridge aliliandikia shirika la usimamizi wa anga la Uingereza suala hili mwaka 1982: tahadhari inatosha ikizidi kidogo, desibeli 15 hadi 25, kiwango ambacho sikio linaanza kuisikia ndani ya kelele ya ndege. Zaidi ya hapo inavuruga mawazo na mazungumzo. Akashauri pia isianze kwa kishindo, kwa sababu mtu aliyeshtuka hafikiri.

Na kusikia si kuelewa. Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya Helios ilipaa kutoka Larnaca kwenda Athens. Honi ililia, marubani wakaisikia vizuri. Shida ni kwamba honi hiyohiyo ilikuwa na kazi mbili: ardhini, kwamba ndege haijapangwa sawasawa kwa kupaa; angani, kwamba shinikizo la hewa ndani limepungua. Wakaichukua kwa maana ya kwanza. Watu 121 walikufa.

Kwa hiyo mimi sasa nina mazoea yangu. Kidole hakigusi kitufe mpaka mdomo utaje: "Ardhi", "Mafuta", "Mlango". Kwa sauti, mwenzangu asikie. Nikiwa peke yangu nataja vilevile, na abiria wa nyuma wanione kichaa. Inachukua kama sekunde moja, na mara mbili imenikuta nikitaja kitu tofauti na nilichokuwa nimedhani.

Pili, tahadhari ikikuumiza sikio, iandike. Kwenye ndege yetu ile, kiwango cha sauti kilipangwa na mafundi. Hakukuwa na kifundo cha rubani kukizungusha. Wiki nzima tulilalamika kwenye chai, na malalamiko ya chai hayatengenezi ndege. Nilipoandika kwenye kitabu cha hitilafu tu "sauti kubwa mno", fundi akajaribu injini ikiwa imezimwa ndani ya hanga, akajibu kwamba iko kawaida. Mara ya pili nikaandika hedseti ipi, injini ikiwa kwenye nguvu ya kiasi gani, na maneno yapi sikuyasikia. Akapanda naye, tukawasha injini, akavaa hedseti yangu. Alipoivua alikuwa anajisugua sikio. Jioni ile ikapunguzwa.

Usije ukachomoa fyuzi, wala usilegeze hedseti ukaacha sikio moja nje. Nimewaona wanaofanya hivyo, hasa wanaotua kwenye viwanja vidogo vya porini ambavyo havimo kwenye ramani ya kompyuta, ambako mashine hudhani unaangukia kichakani ikapiga kelele bure. Kwa hali hiyo kuna kitufe chake cha kuisimamisha kwa muda. Kitumie, na umwambie mwenzako umekitumia, kisha kirudishe mkishapaa tena.

Kapteni yule amestaafu. Tulipoonana Entebbe mara ya mwisho, simu yangu iliita mezani nikaizima bila kuangalia. Akatabasamu, akasubiri. Ikabidi niigeuze nisome ni nani.