Mpwa wangu, mikarafuu usiuze

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya basi natoka kazini. Unasema kuna mtu pale Darajani anataka milioni kumi na nane akutafutie kazi ya kulea wazee Uingereza, uje wewe, mkeo na watoto watatu, na kwamba mama yako ameshakubali mikarafuu ya Mtambwe iuzwe. Umeuliza mawili: jambo hili ni kweli, na sisi tulipata tabu gani tulipohamia huku. Umesema nisikufiche. Haya.

La kwanza jepesi. Huyo anakuuzia upepo. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mlezi wa wazee anayeletwa kutoka nje haruhusiwi kufuatana na mke wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 wakaufunga na mlango wenyewe: walezi wapya hawaajiriwi tena kutoka nje. Ukishampa hizo pesa, utazunguka Darajani mpaka viatu viishe, simu yake haipatikani. Mama yako atanuna kwa kuwa ameshaota mjukuu wa Uingereza. Mwache anune, ni dada yangu, namjua.

La pili ndilo refu.

Mimi nilikuja 2003 kusoma, nikabaki, makaratasi yakatengemaa taratibu. Mkaza mjomba wako na watoto wawili wamekuja 2016. Ili kuwaleta, wakati ule ilibidi nionyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka kwa ajili ya mke, juu yake 3,800 kwa mtoto wa kwanza na 2,400 kwa wa pili. Jumlisha. Nilibeba boksi ghalani usiku, asubuhi nikafagia ofisi za watu, mpaka hesabu ikatimia. Sasa hivi wanataka 29,000, na ada ya matibabu peke yake ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, unailipa yote kabla hujapanda ndege. Na viza hiyo haimruhusu mtu kuomba msaada wa serikali. Kazi ikikatika, mmekatika nayo.

Lakini watu wa nyumbani wakipiga simu huuliza baridi na mshahara. Baridi ni koti, unanunua, yamekwisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: ukitoka kwenda kazini, mkeo anabaki na nani?

Huko Wete, Pemba, mlango wetu unafunguliwa alfajiri na haufungwi mpaka usiku. Kabla ya adhuhuri hodi zimepigwa kumi, huyu anataka chumvi, yule anakuja kusuka tu. Hapa Leicester tulipanga ghorofa ya pili, mlango unajifunga wenyewe ukiuachia. Mimi nilikuwa nikiingia asubuhi, watoto wanatoka kwenda skuli. Nalala. Jioni wanarudi, natafuta viatu. Yule mdogo alimwambia mwalimu wake kuwa kazi ya baba ni kulala. Desemba, Magharibi inaingia kabla hata ya saa kumi, saa ambayo nyinyi huko mnaswali Alasiri jua linawaka. Mkaza mjomba wako alikaa dirishani na kanga yake mabegani, akaniambia, "Nyumba hii hata nzi haji."

Ramadhani ya kwanza akasema yeye hawezi kufuturu kama mwizi. Akapika vitumbua, akapanga sahani, akafunika kwa kitambaa, akapanda kwa jirani wa juu. Yule mama mzungu akafungua mlango kidogo tu, akatazama sahani, akaingia ndani, akatoka na sarafu mkononi. Alidhani anauziwa. Kukawa na kusukumana pale mlangoni, huyu hapokei pesa, yule hajui kukataa chakula, mwisho vitumbua vikachukuliwa. Baada ya wiki sahani tukaikuta chini ya mlango wetu, imeoshwa inang'aa, ndani yake karatasi ya kushukuru. Na tupu.

Wewe mtoto wa Pemba unajua maana ya kurudishiwa sahani tupu. Alilia. Nilimweleza kwamba yule mama hakukusudia ubaya, mila yao haina hiyo, na mimi naamini hivyo mpaka leo. Haikumsaidia kitu. Kuelewa hakuondoi upweke, mwanangu.

Na lugha je? Mtihani wa Kiingereza wa viza alifaulu, cheti tunacho. Siku ya pili akapanda basi, dereva akamwita bata. Karudi nyumbani amevimba. Kumbe watu wa mji huu ndivyo wanavyoitana kwa mapenzi, bata wangu, hata mwanamme kwa mwanamme! Siku hizi yeye ndiye ananiita mimi bata.

Aliyemtoa dirishani ni bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka kule Belgrave. Tuliingia kutafuta muhogo, watoto wakigombana kwa Kiswahili, bibi akatoka nyuma ya mizani: "Nyie watoto, kelele ya nini?" Alikuja 1972, Idi Amin alipowafukuza. Mwaka ule halmashauri ya mji huu ililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba Wahindi wasije Leicester. Walikuja, na mtaa ule leo unauza muhogo, mabamia na binzari. Kiswahili chake cha Kampala kinakwenda upogo, lakini mkaza mjomba wako alikaa juu ya gunia la mchele saa nzima wakizungumza, na mimi nimesimama na mifuko kama mpagazi.

Kuna jambo moja naona haya kulisema. Yule mtoto wetu mkubwa, mwaka waliokuja alikuwa na miaka tisa, ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake. Barua za skuli anasoma yeye, bili anaeleza yeye. Siku moja mama yake alikwenda kwa daktari kwa maradhi ya kike, mimi niko kazini, na mtoto ndiye aliyekaa kati kutafsiri damu inatoka siku ngapi. Alinisimulia jioni huku anatazama sakafu. Na kumbe ukiomba, hospitali za serikali hukuwekea mkalimani bure. Sikujua, na sikuuliza, maana nilijiona mwenyeji.

Kwa hiyo sikwambii usije. Ikitokea njia ya halali, kazi yenye mkataba au masomo, njoo kwanza peke yako, ujue basi, daktari na skuli. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitengeneze sasa, majina yalingane na paspoti herufi kwa herufi. Kwetu sisi moja lilikuwa na "h" ya ziada, ikatugharimu miezi minne.

Leo nitakupigia saa tatu usiku, saa zenu. Uwe na mkeo karibu umpe simu. Katika ujumbe wako wote sikusikia yeye anataka nini, na mkaza mjomba wako anataka kuzungumza naye, wewe usiwepo.