Ni nani aliyechora? Kutambua mikono isiyo na majina kwenye komiki za miaka ya vita

Mwaka 1941, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, komiki ya Marekani iliuzwa senti 10 tu, na ndani ya jalada kulikuwa na kurasa 64. Kuna aliyeandika hadithi, aliyechora kwa penseli, aliyetia wino, aliyechora majengo na magari ya nyuma, na aliyeandika maneno yote kwa mkono. Msomaji alioneshwa jina moja, au hakuoneshwa jina lolote. Mimi nimezisoma komiki hizo kwa miaka mingi, zaidi kupitia skani za tovuti ya Digital Comic Museum, na swali ninaloulizwa sana ni hili: mtu aanzie wapi akitaka kujua kazi ni ya nani?

Anza na herufi. Nyuso ziache kwanza.

Nyuso zinadanganya kwa sababu shujaa alikuwa mali ya kampuni, na kila mchoraji aliyepewa kazi alitakiwa amfanye afanane na toleo lililopita. Lakini hakuna mhariri aliyemwambia mwandika herufi aikunje vipi G yake. Alijaza viputo vya maneno ukurasa baada ya ukurasa, mbio mbio, na mkono ukafuata mazoea yake. Ni kama mwandiko wa mwalimu aliyekufundisha darasa la tatu: ukiuona ubaoni utamjua kabla hujasoma alichoandika.

Chukua ukurasa mmoja, ukuze kwenye skrini, kisha utafute herufi chache tu: G, S, R, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Mguu wa R umenyooka au umepinda? Tumbo la S liko juu au chini? Alama ya mshangao ni mstari mmoja wa kalamu, au imechorwa kama kabari, nene juu na nyembamba chini? Tazama pia kiputo chenyewe na mkia wake, kwa sababu mara nyingi aliyeandika maneno ndiye aliyekichora. Kata vipande hivyo, uviweke kwenye faili moja, kila kimoja na jina la jarida, namba ya toleo na ukurasa. Faili hilo likikua kidogo utashangaa jinsi mikono inavyoanza kujitenga yenyewe.

Masanduku ya maelezo, yale yanayoanza na "wakati huohuo", nayo yana siri zake. Howard Ferguson, aliyewaandikia herufi Joe Simon na Jack Kirby, wachoraji wawili waliofanya kazi pamoja, alipenda kuanza sanduku na herufi kubwa iliyopambwa. Na usiyapite majina ya majarida kwenye majalada. Ira Schnapp ndiye aliyeisanifu upya nembo ya jina la Superman mwaka 1940, ile iliyoonekana duniani kote kwa miongo, na jina lake halikuandikwa pale.

Mfano rahisi kuliko yote wa kujifunzia ni Wonder Woman. Fungua matoleo mengi ya miaka ya vita, utaona herufi zimesimama wima, unene wa mstari haubadiliki, na kila A ni pacha wa A nyingine. Huo si mkono mtupu, ni kifaa cha Leroy kilichotengenezwa na Keuffel & Esser kwa ajili ya wachora ramani na wahandisi. Kilikuwa na rula ya plastiki yenye herufi zilizochongwa kama mifereji. Mwandika herufi alipitisha ncha ya kifaa kwenye mfereji, na kalamu iliyoungwa pembeni ikaandika herufi ileile juu ya karatasi. Jim na Margaret Wroten, mtu na mkewe, ndio waliofanya kazi hiyo. Michoro ilikuwa ya H. G. Peter. Jina lililochapishwa ni Charles Moulton, ambalo lilikuwa jina la kujificha la William Moulton Marston, na kuanzia 1944 Joye Hummel naye alikuwa akiandika hadithi zilizotoka kwa jina hilohilo. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi wamefunikwa na jina moja.

Sasa, herufi hazikupi mchoraji moja kwa moja. Zinakupa karakana. Kazi nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwenye karakana za New York, kama ya Jerry Iger, ya Harry Chesler, au Funnies Inc. ya Lloyd Jacquet, kisha zikauzwa kwa wachapishaji. Ukishajua mwandiko huu unatoka karakana gani, orodha ya wachoraji wa kuwafikiria inapungua kutoka mamia hadi wachache.

Hapo ndipo unapogeukia michoro, na hapa namfuata Giovanni Morelli, Mwitaliano wa karne ya 19 aliyesomea udaktari kisha akatumia jicho hilo kutambua wachoraji wa zamani kwa masikio na kucha za watu waliowachora. Kanuni yake inafaa sana kwenye komiki. Masikio, vidole, mikunjo ya suruali magotini, moshi wa bunduki, viatu. Usiangalie ukurasa wa kwanza, maana huo mchoraji aliupamba akijua ndio utakaouza. Nenda ukurasa wa sita au wa saba, umtafute dereva wa teksi au askari aliyesimama nyuma. Huyo hana sura iliyoagizwa na kampuni, kwa hiyo mchoraji alimchora apendavyo.

Usijiulize tu "nani kachora ukurasa huu". Jiulize nani kachora kitu hiki ndani ya fremu hii. Jumbo Comics namba 69, ya Novemba 1944, ina hadithi ya Sheena, mwanamke mzungu anayetawala msituni Afrika, ambayo ndiyo kazi ya mapema kabisa inayothibitishwa kuwa ya Matt Baker, na ndani yake yeye alichora wanawake. Vingine ni vya mikono mingine. Hadithi za Sheena zinachosha kuzisoma ukiwa Mwafrika, kwa jinsi zilivyotuchora. Lakini Baker alikuwa Mmarekani mweusi, mmoja wa wachache sana katika kazi ile, na kwangu kumtambua fremu kwa fremu ni jambo la haki.

Sahihi nayo isikutulize. Kila hadithi ya Batman ilibeba jina la Bob Kane. Dick Sprang alianza kumchora Batman mwaka 1941, lakini kampuni iliziweka kazi zake akiba kwa kuhofia Kane angeitwa jeshini, na hadithi zake za kwanza zikatoka kwenye Batman namba 19, mwishoni mwa 1943. Batman wake ana kidevu kipana na kifua kama pipa, na mstari wake ni mkali na safi. Mchoraji Will Eisner alipoingia jeshini mwaka 1942, komiki yake The Spirit iliendelea kutoka kwa jina lake huku Lou Fine na Jack Cole wakiwa miongoni mwa waliochora. Kirby aliitwa jeshini Juni 1943 na Simon akaenda walinzi wa pwani. Kabla ya hapo walikuwa wamechora akiba kubwa, na ilipopungua wengine wakajaza nafasi, jina lao likibaki pale juu.

Kwa hiyo tarehe ya jalada haitoshi kumtoa wala kumweka mtu. Mtu anaweza kuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa huku kazi yake mpya ikiuzwa Chicago.

Na pale sahihi inapokuwa ya kweli, msomaji bado anaweza kumkosa mtu. Lily Renée, msichana Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna, alimchora shujaa wa kike Señorita Rio kwa kampuni ya Fiction House na kutia sahihi "L. Renée". Wasomaji wakadhani ni mwanaume. Aliishi hadi 2022, na mengi tunayoyajua kuhusu wanawake wa Fiction House tunayajua kwa sababu Trina Robbins, mwanahistoria wa komiki, alimtafuta na kumuuliza angali hai. Kama kuna mzee, mtoto au mjukuu anayeweza kuulizwa, muulize kabla ya kukuza skani nyingine.

Ukifika mahali una jina kichwani, andika na sababu zako: ukurasa gani, fremu gani, herufi ipi. Jerry Bails na Hames Ware walijenga orodha yao ya wachoraji wa Marekani kwa barua na subira, kabla ya intaneti. Leo kuna Grand Comics Database, hifadhidata ya komiki mtandaoni, na pale jina lisilo na uhakika huwekewa alama ya kuuliza. Itumie bila aibu. Jina lenye alama ya kuuliza na sababu tatu chini yake linampa mwingine pa kuanzia, na akipata ukurasa ambao wewe hukuuona, ataiondoa alama hiyo au atalifuta jina.